Paa la vinaili: kofia nzuri isiyo na vitobo

Anayevaa kofia ya viua anajua kazi ya vile vitobo vilivyozungushiwa uzi: hewa inapita, kichwa hakivundi. Paa la vinaili ni kofia ya gari iliyozibwa kila upande. Gari ikishavikwa, watu wanageuka njiani kuitazama. Maji yakishaingia chini yake, hayatoki. Tunayoipima hapa ni kofia hiyo: ngozi bandia iliyogandishwa juu ya bati la gari za Marekani za miaka ya 1960 na 1970, zile za injini kubwa za silinda nane zinazoitwa gari za misuli. Tunaingiza pia ndugu zao wadogo wa Uingereza na Japani waliovaa kofia hiyohiyo: Ford Cortina GXL na 2000E, Capri, na Toyota na Datsun kadhaa za miaka ya 1970.

Hukumu tuitoe mapema kwa asiye na wakati. Gari inayolala ndani, iliyotolewa vioo vyote viwili, cha mbele na cha nyuma, na kusafishwa bati mpaka chuma kikang'aa, vinaili inaipendeza na pesa yake haipotei. Gari inayolala nje hapa kwetu Zanzibar, iwe Paje, Nungwi, Wete au hata Mji Mkongwe upande wa Forodhani, ipigwe rangi paa, basi.

Linavyopendeza, na linachokificha

Zamani gari ya paa la turubai la kukunjwa ndiyo iliyokuwa gari ya mwenye nacho, lakini ilivuja, ilipiga kelele na bei yake ilikuwa juu. Viwanda vikaona njia ya mkato: chukua gari ya bati, ivike ngozi bandia, mteja apate sura bila usumbufu. Ford Thunderbird Landau ya 1962 ndiyo iliyolirudisha paa hilo kwenye fasheni. Ilikuja na kile chuma chenye umbo la herufi S kwenye nguzo ya nyuma, kilichoigwa bawaba ya gari la farasi, ingawa hakikunji chochote. Kufika mwisho wa miaka ya 1960 karibu kila kampuni ya Marekani ililiuza paa la vinaili kama nyongeza. Pontiac walilipa jina lao, Cordova. Plymouth nao mwaka 1969 walitoa Barracuda yenye paa la maua, wakaliita Mod Top. Ukiliona kwenye picha utasema ni kanga. Limekosa jina tu.

Uzuri wake si wa kubishaniwa. Rangi moja kutoka boneti hadi buti kwenye gari ndefu kama Dodge Charger inachosha jicho. Paa jeusi linaivunja ile rangi, linaonekana limeshuka, na gari inaonekana ndefu zaidi. Chevelle yenye nguzo pana za nyuma inalibeba vizuri mno. Mvua ya masika ikipiga juu yake, sauti ndani inapungua kidogo. Vibonyeo vidogo vya bati havionekani. Nyeupe juu ya buluu iliyokolea ni mchanganyiko ambao fundi rangi hawezi kuutoa kwa rangi tupu, kwa sababu ule ukwaru wa ngozi unapokea mwanga tofauti na bati. Kwa ladha yetu, gari zenye mgongo wa kuteremka moja kwa moja hadi mkiani haziifai; zinaonekana kama mtu aliyevaa kofia ya nduguye mkubwa.

Sasa upande wa pili. Kwenye gari nyingi za wakati ule, bati la paa liliunganishwa na bodi kwenye nguzo za nyuma kwa kuchomelewa, kisha kiungo kikajazwa risasi iliyoyeyushwa na kupigwa msasa mpaka kikapotea. Hiyo ni kazi ya mkono, inakula saa. Gari iliyopangiwa vinaili mara nyingi haikumaliziwa hivyo: kiungo kiliachwa na ukwaru, na juu yake ikapita praima na rangi ya kurashiarashia. Ushahidi mkubwa kuliko wote ni Plymouth Superbird ya 1970. Ili gari ikate upepo kwenye NASCAR, mashindano ya mbio za magari ya Marekani, kioo cha nyuma kilibadilishwa na bati la kuziba nafasi likachomelewa kukizunguka. Badala ya kuisawazisha mishono hiyo gari moja baada ya nyingine, waliifunika kwa vinaili. Ndiyo sababu Superbird zilitoka kiwandani na paa la vinaili, mteja atake asitake.

Kwa hiyo anayesema "nitalibandua tu, nipige rangi" ajue anachokwenda kukuta: mishono isiyomaliziwa, na safu ya vijisumari vilivyochomelewa kwa ajili ya kushikia pambo la pembeni. Vyote hivyo vinahitaji gurudumu la kusagia, puti na fundi bodi mwenye subira. Bei ya rangi peke yake haitoshi kwenye hesabu.

Hewa yetu inavyolifanya

Vinaili ni plastiki ya PVC iliyopakwa juu ya kitambaa cha pamba au cha polista, na ulaini wake unatokana na mafuta maalumu yaliyochanganywa ndani. Jua na joto huyafukuza mafuta hayo kidogo kidogo. Yakishatoka, vinaili inakuwa ngumu na inasinyaa, na ikisinyaa inajivuta kutoka pembeni: kwanza chini ya pambo la kioo, kisha kwenye mshono. Paa jeusi saa saba mchana wakati wa kaskazi halishikiki kwa kiganja. Sisi tuko nyuzi sita tu kusini ya ikweta, jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, na paa ndilo sehemu ya gari inayolipokea wima.

Mshono ukifunguka hata upana wa uzi, maji yanaingia na kitambaa cha chini kinayanywa. Hapo ndipo chumvi inapofanya kazi yake. Chumvi ya bahari huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo bati lililokwisha kuingiwa nayo halikauki hata usiku ambao mvua haikunyesha. Kitambaa kinaushikilia unyevu huo juu ya chuma, na kutu inatembea pasipo mtu kuiona. Yale mapaa yaliyowekewa sponji nyembamba chini ili yawe manene na laini ndiyo mabaya zaidi. Sponji ni sponji. Mtu akikuuzia gari yenye paa la sponji na akakuambia haijawahi kuvuja, mwambie alifungue kipande cha pambo la kioo cha nyuma mbele yako.

Kukagua kabla ya kutoa pesa

Anza kwenye pembe mbili za chini za kioo cha nyuma. Maji ya paa zima yanateremkia hapo na kukaa chini ya ukanda wa kung'aa unaozunguka kioo. Kwenye Charger za 1968 hadi 1970 pana ubaya zaidi, maana kioo kimezama katikati ya nguzo mbili na pale chini panakuwa kama sinia. Pitisha kidole gumba taratibu. Ukihisi punjepunje ngumu, mfano wa mtama chini ya kitambaa, na ukikandamiza zinasagika, hiyo ni kutu iliyokwisha kula. Kama panabonyea na kurudi bila sauti, ni hewa au gundi iliyoachia, na hilo linatengenezeka.

Chukua sumaku ndogo, ifunge kwa kitambaa ili isikwaruze, ipitishe juu ya nguzo na kuzunguka vioo. Vinaili itapunguza mvuto wake kila mahali kwa kiasi kilekile. Unachotafuta ni pale inapoachia ghafla. Hapo chini pana puti nene au hapana bati kabisa. Fungua buti, inua zulia, nusa. Harufu ya uvundo na michirizi ya kahawia chini ya kibao cha nyuma ya viti ni maji yaliyopitia kwenye njia ya kioo, yaani ule mfereji wa bati ambamo kioo kinakaa. Ndani ya gari, tazama kitambaa cha dari kwenye pembe. Duara la manjano halitokei bure.

Ukiwa na nafasi, fanya jaribio la mpira wa maji. Mmoja akae ndani ya buti na tochi, mwingine amwagie maji. Aanze chini ya kioo cha nyuma, akae hapo dakika kumi, ndipo apande juu, na ashike kila hatua kwa muda wake. Ukianza juu, maji yanateremka kote na hutajua yameingilia wapi. Na ukifika kukagua ukakuta muuzaji ameling'arisha paa kwa dawa ya dashibodi mpaka linateleza, usilipime siku hiyo. Ile dawa inajaza nyufa ndogo na kuzificha. Lioshe kwa maji na sabuni, lisubiri likauke, kisha litazame kwa jua la ubavuni, asubuhi au alasiri.

Vitu vinne vinavyouzwa kwa jina moja

Kwanza ni kofia iliyoshonwa tayari kwa gari maalumu, inayoagizwa Marekani. Inakuja imekatwa kwa umbo, na ile mishono miwili ya kutoka mbele kwenda nyuma iko mahali pake hasa kama ya kiwandani. Hiyo ndiyo bora kwa anayetaka gari irudi kama ilivyozaliwa, kwani aina ya ukwaru nayo ina maana: kampuni hazikutumia ukwaru mmoja, na mjuzi anautambua akiwa mbali. Ubaya wake ni nauli, ushuru na kukunjwa. Ikifika imekunjwa mraba kwenye boksi, makunjo yale yanachukua siku nzima ya jua kutoka, na baadhi hayatoki. Muombe muuzaji aizungushe kwenye bomba la karatasi.

Pili ni vinaili ya paa inayouzwa kwa mita kutoka kwenye roli. Hii ndiyo tunayoipa alama ya juu kwa matumizi ya hapa. Roli nyingi zina upana wa sentimita 137, na zipo za kama 152. Pima gari kabla ya kununua: kutoka mfereji wa paa wa kushoto hadi wa kulia ukifuata mgongo wa bati, kisha ongeza sentimita 8 kila upande. Gari kubwa ya Marekani mara nyingi inakataa roli ya 137 kwa kipande kimoja, na ndiyo maana viwanda vilishona vipande vitatu. Urefu wa mita 3 unatosha kwa nyingi, pamoja na nguzo za nyuma. Uliza mambo mawili: je, ni ya kukaa nje juani, na kitambaa chake cha chini ni cha nini? Polista haiozi kama pamba.

Tatu ni reksini ya viti, ile ya fundi makochi. Bei yake inavutia, rangi ziko tele, na fundi atakuapia kwamba ni kitu kilekile. Si kitu kilekile. Imetengenezwa kwa kukaliwa ndani, haikupewa kinga ya jua la moja kwa moja, na kitambaa chake cha kufumwa kinavutika. Wakati wa kubandika inakubali kila unachotaka, inalala vizuri kwenye pembe, unafurahi. Baadaye inarudi ilikotoka, na pembe zote zinafunguka. Hii tunaikataa.

Nne ni stika: filamu nyembamba yenye gundi yake, iliyochorwa ukwaru wa ngozi. Wapenzi wa gari halisi wataicheka, na kweli ukiisogelea haina mshono wala unene. Ila haina kitambaa cha kunywa maji, inabandikwa juu ya rangi kamili, na siku ukiichoka unaipasha moto na kuibandua. Kwa Cortina ya kwenda nayo kazini kila siku, sisi tungeichagua hii kuliko zote. Ujue tu kwamba juu ya paa inakufa mapema kuliko ubavuni, na ikiachwa mpaka ikakauka kabisa itabanduka vipande vya ukubwa wa kucha.

Kazi yenyewe

Anayesema ataweka vinaili bila kutoa vioo, usimpe gari. Inawezekana kuichomeka chini ya mpira wa kioo kwa kisu cha plastiki, na siku ya kwanza itapendeza, lakini ncha yake itakuwa imeishia pale pale maji yanapokaa. Isitoshe, hutaiona kutu iliyomo kwenye njia ya kioo, ambayo ndiyo iliyokuleta kwa fundi.

Toa kanda za kung'aa kwa chombo cha kufungulia klipu, usizikongoe kwa bisibisi. Chuma chake ni chembamba na kikipinda hakinyooki. Weka kila moja na alama ya upande wake. Toa vioo. Bandua vinaili ya zamani kuanzia nguzo ya nyuma, polepole, na ipige picha mishono yake ilipopita. Ihifadhi kama kielelezo cha kukatia. Gundi ya zamani ilainishe kwa thina na kitambaa, acha dakika chache, kisha kwangua kwa kipande cha plastiki. Msasa juu ya gundi mbichi ni kuupoteza bure, unaziba kwa mikwaruzo miwili.

Bati likishaonekana lote, hapo ndipo pesa inapotakiwa kwenda. Kutu ya juu juu iondoe kwa msasa namba 80 hadi chuma kiwe cheupe. Palipotoboka pakatwe na kuchomelewa bati jipya. Puti juu ya tundu ni kuhifadhi maji. Vijisumari vya klipu vilivyooza saga na chomelea vingine, au tumia skrubu fupi za stenlesi zilizozibwa kwa silanti kutoka chini. Osha paa lote kwa maji baridi, si maji ya kisima chenye chumvi, likauke, lipanguse kwa thina safi, kisha praima ya epoksi ya vikopo viwili, mikono miwili, yaani ipakwe mara mbili. Puti ije juu ya praima hiyo, si juu ya chuma kitupu. Sawazisha kwa namba 180, malizia na 320. Vinaili inafunika mchoro wa msasa, lakini inaonyesha kila mwinuko. Chembe moja ya mchanga iliyobaki chini yake itaonekana kama chunusi.

Juu ya praima piga rangi kamili, kama vile paa litabaki wazi. Lazima iwe rangi ya kuchanganywa na hadina, ile dawa ya kuigandisha. Rangi ya kawaida ya kukaushwa na hewa inalainika ikiguswa na gundi, kwa sababu gundi nayo ina thina ndani yake, na ikilainika, gundi inashika rangi na rangi inaachia bati. Kuna kipimo rahisi: paka kitambaa cheupe thina, sugua mahali pasipoonekana. Rangi ikija kwenye kitambaa, gundi itaila. Baada ya kupiga, acha gari wiki nzima au zaidi. Mvuke wa rangi mbichi ukifungiwa chini ya vinaili unatoka kwa njia ya malengelenge.

Sasa gundi. Gundi ya viatu ya kopo la manjano inashika vizuri asubuhi na inateleza mchana, kwani haikuandaliwa kwa joto la bati lililokaa juani. Nunua gundi ya kugusana ya mapambo ya gari iliyoandikwa kwamba inahimili joto kubwa. Usikubali chini ya nyuzi 80. Gari moja inakunywa lita 4, kwa sababu unapaka pande mbili, bati na kitambaa, na kitambaa kinataka mkono wa pili.

Msimu wa kazi hii kwetu ni kusi, Juni hadi Septemba, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, kivulini pasipo upepo wa vumbi. Sababu ni hii: thina inaporuka kutoka kwenye gundi, inaipoza, na hewa nzito ya masika ikigusa gundi iliyopoa inaacha umande mwembamba juu yake. Gundi inakuwa na weupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Ukibandika juu ya weupe huo, umebandika juu ya maji. Ukiuona, subiri upotee wenyewe, pitisha mkono mwingine mwepesi wa gundi, ndipo uendelee.

Tandika vinaili juani nusu saa, uso chini, ilegee. Pima katikati ya paa mbele na nyuma ukianzia kwenye mifereji, vuta mstari kwa tepu ya karatasi. Weka alama ya katikati kwenye vinaili pia. Ilaze bila gundi, isawazishe, hakikisha mishono miwili iko umbali uleule kutoka kila mfereji; ikikosea milimita 5 tu, anayesimama nyuma ya gari ataiona. Kisha kunja nusu moja juu ya nyingine. Paka gundi nusu ya bati na nusu ya kitambaa, kutoka mstari wa katikati kwenda nje. Subiri. Iguse kwa kifundo cha kidole: ikinata bila kuvuta nyuzi, imeiva. Inachukua kati ya dakika 10 na 20 kutegemea siku.

Hapa panataka watu wawili. Mmoja anaishikilia vinaili juu, haigusi. Mwingine anaishusha kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni, shibiri moja baada ya nyingine, kama anayepiga pasi shuka. Usivute. Kilichovutwa kitarudi. Mkunjo ukitokea, ubandue hapo hapo ndani ya dakika ya kwanza, upashe kidogo kwa drai ya saluni au mashine ya hewa ya moto iliyoshikwa shibiri moja mbali, uushushe tena. Nusu ya pili ifanye vivyo hivyo. Mifereji na njia za vioo ziache mwisho, na nguzo za nyuma mwisho wa mwisho, ukikata mikato midogo kwenye upindo ili ngozi igeuke bila kujikunja.

Kwenye njia ya kioo vinaili iteremke ukutani na ikatwe kabla ya kufika sakafu yake. Silanti ya kioo lazima ishike rangi ya bati, isishike vinaili. Ikishika vinaili, kioo chako kimeshikiliwa na gundi ya mapambo. Rudisha kanda baada ya siku mbili. Lengelenge likitokea katika siku hizo, ni thina iliyobanwa: chomeka sindano nyembamba sana kwa kuilaza, kandamiza, basi. Tundu la kusimamisha sindano ni mlango wa maji.

Kulitunza

Osha kwa maji baridi, sabuni laini na brashi ya nywele laini, kila wiki kama gari iko upande wa pwani, na siku hiyohiyo kama imevuka kwa feri kutoka Dar es Salaam, maana rasharasha za bahari zinakauka na kuacha chumvi kwenye ukwaru wa ngozi. Mavi ya kunguru yatoe yakiwa mabichi. Mafuta ya nazi, petroli, dizeli na kiwi ya viatu vikae mbali. Kiwi nyeusi hasa imeharibu mapaa mengi: inang'aa wiki moja, inanasa vumbi, inapasuka, na mvua inaiteremsha kwenye milango. Kama rangi imefifia, ipo rangi maalumu ya vinaili ya kupuliza. Safisha paa kwanza mpaka maji yatoke meupe, kisha mikono mitatu myepesi.

Turubai la plastiki juu ya paa la vinaili linafungia jasho. Banda la makuti ni zuri kuliko yote kwa sababu hewa inapita, ila makuti mapya yana maji ya kahawia mvua za mwanzo, na vinaili nyeupe ikishaingiwa na maji hayo haitakati. Ezeka mapema, mvua za vuli ziyaoshe makuti, ndipo uingize gari.